Injini inalia, pikipiki haiendi: je, klachi imekwisha?

Swali: Shikamoo fundi. Naendesha bodaboda hapa Iringa, natumia Boxer BM 150 niliyoinunua mkononi kwa mtu. Siku za karibuni nikipanda mlima wa Ipogolo kuja mjini nikiwa na abiria, injini inalia sana lakini pikipiki inapanda kwa kujivuta. Nikiwa peke yangu kwenye tambarare haina shida. Fundi wa kwanza amesema pleti za klachi zimekwisha. Wa pili amesema ni pistoni na ringi, nifungue injini. Mwenzangu kijiweni akanikazia waya wa klachi, ikawa mbaya zaidi. Nianze na lipi? Na je, naweza kuendelea kubeba abiria wakati natafuta hela ya vipuri?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa usumbufu. Nianze na jibu lenyewe, sababu zitafuata. Injini usiifungue, na pleti usizinunue leo. Kwa maelezo yako kinachoteleza ni klachi, hilo sina wasiwasi nalo. Lakini klachi huteleza kwa sababu kubwa tatu: waya uliokazwa kupita kiasi, oili isiyofaa, au pleti na springi zilizochoka. Ni hiyo ya tatu tu inayodai vipuri. Mbili za mwanzo unazimaliza mwenyewe kwa spana na chupa ya oili, basi tuanze nazo.

Kwa nini nasema ni klachi na si pistoni? Fundi wako wa pili hakusema jambo la ajabu. Iringa mjini iko zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, hewa ya huko ni nyepesi, na injini ndogo ya kabureta haitoi nguvu ileile ambayo ingetoa Dar es Salaam. Ukiongeza na ringi zilizolika, mlima unakuwa mzito kweli. Ila injini iliyochoka, mlio wake huchoka pamoja na mwendo. Uko mlimani gia ya tatu, unavuta resi mpaka mwisho, na mlio unashuka kadiri mwendo unavyoshuka. Injini inanguruma kwa chini, inatetemeka, hadi unalazimika kurudisha gia. Mara nyingi utaona pia moshi wa bluu nyuma, na oili inapungua bila kuvuja popote. Wewe umeandika kwamba injini inalia sana. Injini inayolia hivyo ina nguvu, tatizo ni kwamba nguvu hiyo haifiki kwenye tairi.

Tazama njia inayopita hiyo nguvu: injini, klachi, gia, spoketi ndogo, cheni, spoketi kubwa, tairi. Gia ni meno kwa meno, haziwezi kuteleza pole pole. Gia iliyolika huchomoka, na ikichomoka utasikia kishindo na pikipiki itajirudi kama iko nyutro. Cheni iliyolegea kwenye spoketi zilizochongoka huruka meno, nayo ina mlio wake wa kugonga unaousikia hadi kwenye nyayo. Kinachoweza kuteleza kimya kimya, mlio ukapanda na mwendo ukabaki palepale, ni klachi peke yake. Kwa hiyo sikiliza mlio huku ukitazama mshale wa spidi. Vikipanda na kushuka pamoja, tafuta ugonjwa kwenye injini, kabureta, chujio la hewa, au breki ya nyuma inayobana (hiyo utaijua ukiisimamisha kwa stendi kubwa na kuzungusha tairi kwa mkono). Vikiachana, usihangaike na silinda.

Ndani ya kava ya kulia ya injini kuna pleti za aina mbili zilizopangwa kwa kupishana. Za kwanza ni za msuguano: bamba jembamba lililobandikwa vipande vya kahawia pande zote mbili. Za pili ni chuma tupu. Pleti za msuguano zina masikio kwa nje, yanaingia kwenye mifereji ya nyumba ya klachi inayozungushwa na injini. Zile za chuma zina meno kwa ndani, yanashika kitovu kilichokaa kwenye shafti ya gia. Springi zinabana rundo lote hilo kwa pamoja. Ukivuta mkono wa klachi, waya unazishinda springi, pleti zinaachiana, injini inazunguka peke yake. Ukiachia, springi zinabana tena. Na vyote hivyo vinafanya kazi ndani ya oili ileile inayolainisha injini, jambo lenye umuhimu wake kama utakavyoona.

Mshiko wa pleti hizo una kikomo. Kwenye tambarare, ukiwa peke yako, nguvu inayopita ni ndogo, na hata klachi iliyochoka inaimudu. Mlimani, ukiwa na abiria, gia ya juu na resi imevutwa, nguvu inakipita kikomo na pleti zinaanza kuteleza. Zikiteleza zinapata joto, na joto linapunguza mshiko zaidi. Ndiyo maana madereva wengi husema mwanzo wa mlima ilikuwa nzuri, katikati ikaanza kulia. Na ndiyo maana ugonjwa huu hujificha gia ya kwanza. Gia ya kwanza injini ni nyepesi kuzunguka, lakini gia za juu inazuiliwa na uzito, na shinikizo lote linaegemea kwenye pleti. Fundi anayekuvutia resi pikipiki ikiwa imesimama nyutro, kisha akasema klachi ni nzima au ni mbovu, hajapima kitu.

Sasa tuje kwa mwenzako wa kijiweni, maana alichokifanya kinafanywa vijiwe vingi na ni kinyume kabisa na kinachotakiwa. Watu hudhani klachi inayoteleza imelegea, kwa hiyo dawa ni kukaza waya. Waya haubani pleti. Kazi ya waya ni kuziachanisha, zinazobana ni springi. Ukiukaza hadi mkono ukakosa ulegevu, umekuwa sawa na mtu anayeendesha kutwa nzima akiwa ameuvuta mkono nusu: springi zimezuiwa zisikae kwa nguvu zao zote, na pleti zinateleza hata kama ni mpya kutoka dukani. Alipokaza na hali ikazidi kuwa mbaya, alikupa ushahidi mkubwa kuliko wa mafundi wote wawili. Ringi na pistoni hazijui habari za waya wa klachi.

Useti hivi. Pikipiki iwe imezimwa na imepoa, usukani umenyooka. Weka kidole kimoja kwenye ncha ya mkono wa klachi, uvute taratibu sana. Mwanzoni lazima uende mwepesi, hauna upinzani wowote, kisha ghafla ukutane na uzito. Uzito huo ndio springi zinaanza kusukumwa. Ule mwendo mwepesi wa mwanzo ndio tunaoupima, na kwenye pikipiki nyingi za ukubwa huu huwa kati ya milimita 10 na 20 kwenye ncha ya mkono. Ukiangalia kwenye shina, pale mkono unapoingia kwenye kishikio chake, utaona mwanya wa milimita 2 hadi 3. Kitabu cha pikipiki yako kikitaja kipimo kingine, fuata kitabu.

Kama mwanya huo haupo, legeza nati ya kufungia iliyo kwenye mkono, zungusha kirekebishi kiingie ndani mpaka ulegevu urudi, ndipo ukaze nati. Kirekebishi cha juu kikiishiwa nafasi, nenda chini waya unapoishia kwenye injini. Pale kuna nati nyingine za kazi hiyohiyo. Ukimaliza, kata usukani kulia mpaka mwisho, kisha kushoto mpaka mwisho, ukipima ulegevu kila upande. Waya uliopitishwa vibaya chini ya tanki, au uliobanwa na kamba ya kufungia mzigo, hujikaza wenyewe kila unapokata kona, na utatafuta ugonjwa ambao pikipiki ikisimama hauonekani.

Ukiwa hapo hapo, achia mkono ghafla. Lazima urudi kwa kasi na kugonga mahali pake. Ukirudi kwa uvivu, waya umeshika kutu ndani ya ganda lake, na unazuia springi zisibane vizuri. Uning'inize, udondoshee oili nyepesi kutoka juu mpaka itokee chini. Angalia na kile kichwa cha risasi kinachokaa ndani ya mkono: ukiona uzi hata mmoja umekatika na kusimama, badilisha waya mzima. Ukisubiri, utakukatikia njia panda ukiwa na abiria.

Kuna dalili moja hapa ambayo ningependa kila dereva aifahamu, maana inapatikana bila kufungua chochote. Waya unapozeeka unarefuka, na mkono unazidi kulegea. Pleti zinapolika inakuwa kinyume. Rundo limepungua unene, bamba la kubana linasogea kulifuata, na kwenye pikipiki nyingi za waya kusogea huko kunakula ule ulegevu. Mkono unakaza wenyewe, hakuna aliyeshika spana. Kwa hiyo jiulize, kabla ya huyu mwenzako kuugusa, mkono ulikuwa unakwenda upande gani? Kama ulikuwa ukilegea, shaka iko kwenye waya. Kama ulikuwa unakaza kidogo kidogo, na klachi inashika mkono ukiwa karibu kabisa kuachiwa, pleti zinaisha kweli.

Sasa oili. Umenunua pikipiki mkononi mwa mtu, hujui alikuwa akimimina nini. Soma nyuma ya chupa utafute herufi JASO MA au JASO MA2. Ni kiwango cha Wajapani kilichowekwa mwaka 1998 kwa ajili ya oili za pikipiki za injini ya mipigo minne (four-stroke), kwa sababu hiihii ya klachi kuogelea kwenye oili ya injini. MA na MA2 maana yake oili imepimwa na pleti zinashika. Ukiona JASO MB, hiyo ina msuguano mdogo, ni ya skuta za otomatiki ambazo klachi yake inakaa pakavu. Hatari zaidi ni baadhi ya oili nyepesi za magari, kama zile za 5W-30 zinazonadiwa kuokoa mafuta. Huwekwa viungo vya kupunguza msuguano, na kwa gari ni jambo jema kwa sababu klachi ya gari haiguswi na oili ya injini. Kwenye pikipiki, viungo hivyohivyo vinakwenda kukaa kati ya pleti.

Wengi wakiona 20W-50 wanatosheka. Namba hiyo inakueleza uzito wa oili tu, haikwambii kama klachi itashika. Oili ya kupima kutoka kwenye pipa siiamini hata kidogo, hata ikiwa rangi yake inapendeza, kwa sababu hakuna pa kusoma hizo herufi. Na zile dawa za kuongeza kwenye oili ili injini iwe laini, usiziweke kamwe kwenye pikipiki ya gia.

Mwaga oili iliyomo injini ikiwa ya moto, weka mpya yenye MA au MA2, usizidishe wala kupunguza kipimo, kisha fanya kazi nyepesi siku mbili tatu. Kama kosa lilikuwa la oili na pleti hazijaungua, kuteleza kunapungua taratibu kadiri pleti zinavyojisafisha. Wakati unaimwaga, inuse na kuitazama. Oili ya klachi iliyoungua ina harufu kali ya kuchomeka tofauti na oili chakavu ya kawaida, na ukiisugua kati ya vidole unaweza kuhisi unga mweusi. Ukikuta hivyo, mabadiliko ya oili pekee hayatatosha.

Waya umesetiwa, oili ni sahihi, sasa pima. Tafuta barabara tambarare isiyo na magari, bila abiria. Nenda mwendo wa kilomita 40 hivi kwa saa ukiwa gia ya juu, halafu vuta resi yote kwa mkupuo. Klachi nzima itaifanya injini ingurume kwa chini na kuongeza mwendo taratibu, kwa sababu gia ni kubwa kuliko mwendo. Klachi inayoteleza, mlio utaruka juu mara moja na mwendo utabaki nyuma. Usiporidhika, rudia ukiwa katika mwendo wa wastani, resi ikiwa palepale, na uuguse mkono wa klachi kidogo tu kisha uachie. Mlio utapanda kidogo. Klachi nzima huurudisha chini papo hapo. Iliyochoka inachelewa, mlio unashuka kwa kusitasita. Kipimo hiki cha pili ndicho ninachokipenda, maana kinakamata klachi inayoanza kuchoka ambayo mlima bado haujaifichua.

Kuna kingine cha kusimama, lakini ukifanye mara moja tu. Bana breki ya mbele, weka gia ya tatu, resi kidogo, achia mkono wa klachi pole pole mpaka mwisho. Injini inatakiwa izime. Ikiendelea kuzunguka huku mkono umeachiwa wote na pikipiki imesimama, pleti hazina mshiko uliobaki. Usirudierudie, kila sekunde ya kipimo hicho inaziunguza.

Nitaje kwa kifupi ugonjwa wa upande wa pili, maana watu huuchanganya na huu. Klachi isiyoachia ni ile ambayo umevuta mkono wote na pikipiki bado inataka kwenda, nyutro haipatikani mpaka uzime injini, na gia zinaingia kwa kishindo. Hapo ulegevu wa mkono umezidi, au pleti za chuma zimepinda, au masikio ya pleti yamechimba mifereji kwenye nyumba ya klachi na kukwama humo. Dawa ya waya kwa ugonjwa huo ndiyo kukaza. Nadhani makosa ya vijiweni yanaanzia hapa: mtu aliponywa klachi isiyoachia kwa kukaza waya, naye akaichukua dawa hiyo akaipeleka kwa kila klachi.

Uliuliza kama unaweza kuendelea kubeba abiria. Kama baada ya kuseti waya na kubadili oili vipimo vinatoka vizuri, piga kazi. Kama bado inateleza, abiria wa mlimani waache. Sikuambii hivyo kwa sababu ya fedha tu. Pikipiki inayokosa mvuto wakati unaingia barabara kuu pale chini, na lori linashuka, inakuweka wewe na mtu uliyempakia mahali pabaya, na hakuna resi itakayokutoa. Halafu kuna hasara inayokua: pleti zinazoteleza zinamwaga unga kwenye oili, unga unakwenda kwenye chujio, na joto linapinda pleti za chuma ambazo zingeweza kurudi kazini. Ukilazimika kuitembeza siku chache, kaa kwenye tambarare, mzigo mwepesi, gia ya chini kidogo kuliko ulivyozoea, na resi ya taratibu. Ukisikia mlio unapanda peke yake, punguza resi hapohapo mpaka ishike.

Tuseme vipimo vimeshindwa na inabidi kufungua. Kaa pale fundi anapofungua, uone kwa macho yako. Kava ikitoka, bolti za springi zilegezwe kwa kupishana, kidogo kidogo, wala si moja mpaka itoke ndipo nyingine. Pleti zitolewe na kupangwa juu ya kitambaa kwa mpangilio zilivyokaa. Chukua ya msuguano, uitazame kwa ubavu. Kwenye pikipiki za 125 na 150 mpya nyingi zina unene wa karibu milimita 3, na vitabu vingi huweka kikomo baada ya kulika milimita 0.3 au 0.4 tu. Ndiyo, ni tofauti ambayo jicho halioni, kwa hiyo mtu anayekuambia pleti zimekwisha au hazijakwisha bila kushika venia (kifaa cha kupimia unene) anakisia. Ambacho jicho linaona ni rangi na uso: pleti nzima ni ya kahawia na haing'ai, vijifereji kati ya vipande viko wazi. Iliyoungua ni nyeusi, uso umekuwa laini wa kung'aa, na ukiikwaruza kwa kucha vipande vinabanduka.

Pleti za chuma nazo zisirudishwe kwa mazoea. Iweke moja moja juu ya kioo na kuibonyeza pembeni kwa kidole. Ikicheza, imepinda. Ikiwa na madoa ya bluu, ilipata moto mkali. Zote mbili hazifai. Pitisha kidole kwenye mifereji ya nyumba ya klachi: kama masikio ya pleti yamechimba vishimo vidogo, vinaweza kusawazishwa kwa tupa, lakini vishimo virefu vinamaanisha nyumba nyingine, la sivyo pleti mpya zitakwama humohumo na utalalamika gia ngumu.

Springi ndizo zinazosahauliwa. Fundi anabadili pleti, anarudisha springi zilizobana miaka yote hiyo na kupikwa na joto, na baada ya miezi michache mteja anarudi analaumu pleti. Springi iliyochoka inakuwa fupi. Zisimamishe zote juu ya meza pamoja na mpya moja, utaona. Ubadili seti nzima, usichanganye mpya na za zamani, kwa sababu bamba litabana upande mmoja zaidi ya mwingine. Kama hela yako inatosha pleti tu, ngojea ipatikane na ya springi, ufungue mara moja.

Dukani nenda na pleti ya zamani mkononi. Linganisha idadi ya masikio, upana, na unene, na uhesabu zinazotakiwa kabla ya kulipa. Feki mara nyingi hujionyesha ukipanga seti pamoja: unene haufanani, au gundi imemwagika nje ya vipande. Chukua na gasketi ya kava, ya zamani ikirudishwa huvuja.

Pleti mpya zilazwe kwenye oili ileile ya JASO MA usiku mzima kabla ya kufungwa. Zikifungwa kavu zinaungua dakika za mwanzo kabla oili haijazifikia. Bolti za springi zirudi kwa kupishana vilevile, na zikazwe kwa kiasi. Ni bolti ndogo zinazoingia kwenye alumini, na mkono wa nguvu huzikata uzi au kuvunja nguzo zake, ukatafuta kitovu kizima. Chujio la oili lisafishwe, maana ule unga wote umekwenda kulala humo.

Ukishaitengeneza, kinachobaki ni mkono wako wa kushoto. Klachi nyingi za bodaboda haziuliwi na umri, zinauliwa na vidole viwili vinavyolala juu ya mkono wa klachi kutwa nzima, na kushikilia pikipiki mlimani kwa nusu klachi badala ya breki wakati abiria anatafuta chenji. Kuondokea gia ya pili nayo inaunguza, na mishikaki kuliko vyote: abiria wawili mlimani ni kipimo kilekile cha kikomo nilichokueleza, unakifanya kila safari. Ondoka gia ya kwanza, achia mkono moja kwa moja pikipiki ikishashika, toa vidole.

Kilomita mia chache za mwanzo usiipe milima mizito wala resi za ghafla, pleti zipate kukaana. Baada ya hapo pima tena ule ulegevu wa mkono, kwa sababu zikishakaana kipimo husogea, na ukikuta umepungua chini ya milimita 10, legeza waya.